Mkono wa Kuita

Maple Grove, Minnesota
27 Mei 2024

Kwako dada yangu Serah,

Nakusalimu, na nyumba yote naisalimu kupitia kwako. Goti limepona? Ulisema ukisimama sana mbele ya karai la samaki linavimba. Basi usisimame, tafuta kigoda. Mimi ni mzima. Natasha naye ni mzima, isipokuwa kazi ya hospitali humchukua usiku na kumrudisha asubuhi akiwa hana neno la kumwambia babake.

Nimepata kazi mpya, ndiyo maana nimekuwa kimya. Namhudumia mzee mmoja mzungu, jina lake James, anayeishi kando ya ziwa dogo si mbali na kwa Natasha. Alipata kiharusi mwaka jana, na mkono na mguu wa kushoto havimtii. Namsaidia kuoga, kuvaa, kula, na dawa. Jumamosi naenda kanisani na Natasha, siku nyingine zote nalala kwa mzee. Bintiye, Stacy, anaishi jimbo la mbali. Siku ya kwanza aliniambia jambo moja tu: "Baba akielekea majini, uwe naye. Mengine yote tutaelewana."

Usilifikirie ziwa hili kama letu la Naivasha. Halina kiboko, halina mafunjo ya mtu kupotelea, na hakuna anayevua ili apate chakula cha jioni. Ni nyumba zimelizunguka, kila nyumba na gati lake la mbao na boti yake. Kuna boti moja ya kijana wa ng'ambo ya ziwa anayeitwa Brandon. Imetengenezwa makusudi ili ilime maji na kuacha wimbi kubwa nyuma, wenzake walipande kwa ubao. Juu imefungwa spika kama za mkutano wa injili. Ikipita, vikombe vya mzee hulia kabatini.

Sasa nikuambie linalonisumbua. Kila boti hiyo inapopita, mzee hushika mkongojo, hutembea hadi mwisho wa gati, na kuwaita. Hunyoosha mkono, kiganja chini, akachota hewa: njooni, njooni. Hawaji. Wengine hucheka. Mmoja alimwonyesha kidole ambacho sitakutajia. Naye hachoki kuita, na jioni hurudi ndani amefura kama mtu aliyealika wageni wakapita mbele ya mlango wake.

Nimeona wazee wapweke, Serah, lakini sijaona mpweke anayeita watu kwa hasira namna hii. Kuna kitu hapa sikielewi, na nisichokielewa hunikosesha usingizi.

Ni mimi kaka yako,
Elkanah


Karagita, Naivasha
9 Juni 2024

Kaka yangu mkubwa,

Barua yako imenikuta mzima, goti likiwa bado lina maoni yake. Kigoda nimenunua, lakini wateja wanasema nikikaa naonekana mgonjwa na samaki wangu pia. Mwanangu Lenny amenipa simu yake niandikie, kwa hiyo ukiona makosa ulaumu kidole gumba changu. Boti yake ya watalii inaenda vizuri, anashinda majini kuliko nchi kavu.

Nilimsomea habari za mzee wako, akasikitika sana. Anasema hapa kwetu dereva akiitwa kwa mkono na asiende, kesho yake asitie mguu ufukoni. Unakumbuka boti ya Vestine ilivyobinuliwa na kiboko? Lenny hakusikia sauti, aliona mkono tu ukichota hewa kule mbali, akageuza na watalii wake ndani, wakilalamika kwamba wamelipia kuona ndege mwari. Watu wanne wako hai. Ndiyo maana husema mkono wa majini hauulizwi ni wa nani.

Basi kaka, simama na mzee wa watu, uite pamoja naye. Mmoja akiita, watu wanaona ni kichaa. Wawili wakiita, wataona kuna jambo.

Dada yako mdogo mwenye goti kubwa,
Serah


Maple Grove
18 Juni 2024

Dada Serah,

Salamu zako nimezipokea, na kigoda nimekipigia makofi. Hapa tuko salama kwa mwili. Mengine nitakueleza.

Tulikosea, dada. Tulikosea wote wawili.

Nilifuata ushauri wako. Jumapili boti ilipokuja nilisimama gatini kando ya mzee, nikainua mikono yote miwili na kuita kama tunavyoita pale kwa samaki. Mzee aliniangalia kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni pake. Akanipiga begani kwa mkono wake mzima: "Ndivyo hivyo! Waonyeshe!" Boti ikapunguza. Nikajua wanakuja. Lakini iligeuka, muziki ukapanda, ikaanza kuzunguka mbele ya gati letu hadi maji yakatufika magotini. Kadiri nilivyoita ndivyo walivyozunguka.

Nilipomsimulia Natasha, aliacha sufuria motoni.

"Baba! Wee Baba! Huyo haiti mtu. Huo mkono huku ni wa kusema punguza mwendo."

"Mbona kiganja kiko chini?"

"Si ndiyo kushusha? Shusha spidi, shusha kelele. Kuita huku ni kiganja juu."

"Kiganja juu si ni kumdharau mtu?"

Akakaa kwenye sakafu ya jikoni kwa kicheko. "Umeenda kujiandikisha kwenye vita vya wazungu na hata hujui wanapigania nini!"

Nilicheka naye. Kisha nikajua wanapigania nini, na kicheko kikaisha.

Kuna ndege hapa anaitwa luni, mweusi mwenye madoa meupe mgongoni. Anapiga mbizi vizuri kuliko anavyoruka, na nchi kavu hawezi kutembea. Kwa sababu hiyo hutaga pale pale maji yanapogusa nyasi. Kilio chake ungekisikia ungedhani kuna matanga ng'ambo. Marehemu mke wa mzee alikuwa akiwalinda hao ndege kila mwaka, na mzee amebaki na kazi hiyo kama wengine wanavyobaki na kaburi. Wimbi la Jumapili ile, lile nililoliita kwa mikono miwili, lilisomba kiota. Mayai mawili. Asubuhi tulimwona mama luni akizunguka mahali palipokuwa na kiota.

Mzee alimpigia simu sherifu. Askari wa majini alikuja, akaandika, akasema ziwa ni la wote na kelele za mchana si kosa. Akaondoka. Mzee hakusema kitu. Alikula chakula chote, jambo ambalo si kawaida yake, huku akitazama maji.

Kaka yako,
Elkanah


Karagita
23 Juni 2024

Kaka,

Unaendeleaje, na presha yako je? Usiache vidonge kwa sababu ya ndege wa watu.

Nitakuambia ukweli: nilicheka hadi samaki wakaungua, na Mama Imaculata jirani akaja kuuliza kama nimefiwa. Halafu nilipofika kwenye mayai nikaketi kwenye kigoda.

Hao vijana mmeshawahi kuwasalimia? Sisi hapa huwezi kugombana na mtu ambaye hujamsalimia, kwa sababu hujui unagombana na nani. Nenda ng'ambo. Beba kitu mkononi, chapati hata. Mzungu naye ana tumbo.

Mtu anayekula chakula chote bila kusema, mwangalie sana.

Dada yako,
Serah


Maple Grove
8 Julai 2024

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta vyema, na Lenny pia. Presha yangu haijambo, ingawa wiki hii sikutaka kuipima.

Tarehe nne huku ni sikukuu ya uhuru wao. Ziwa lilijaa boti hata mtu angeweza kuvuka kwa miguu. Brandon na wenzake walipita karibu na gati letu, muziki juu, na safari hii walikuwa wamejifunza. Boti nzima walisimama, wanaume kwa wanawake, wakanyoosha mikono kiganja chini wakawa wanachota hewa, wakimwigiza mzee. "Polepole, babu! Polepole!"

Wewe peke yako utanielewa. Kwao ilikuwa dhihaka. Mimi niliona boti iliyojaa watu wanaoniita. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaingia majini kabla akili haijaukamata.

Mzee aliona, hakuinua mkono. Alitabasamu. Aliniambia, "Hawatacheka muda mrefu."

Kesho yake nilimkuta kwenye gereji, ameshika waya mwembamba wa chuma, ule wa kuning'inizia mizigo. Alikuwa amefunga maboya mawili meusi kwenye ncha.

"Shika hapa, Elkanah. Mkono wangu huu haufungi vizuri."

"Ni wa nini, mzee?"

"Wa kufundisha adabu."

"Adabu ya nani?"

"Boti yake hukata kona pale kwenye magugu kila siku. Waya utakaa chini kidogo ya maji. Injini itaumeza na mwisho wa habari."

"Na yule anayevutwa nyuma kwa ubao?"

Akakaza fundo kwa meno. Nilirudia swali. Akasema, "Anapaswa kujua kuogelea."

Nilikataa kushika. Alipolala mchana nilichukua waya na kuutia kwenye buti la gari la Natasha. Ameutafuta, hakuniuliza. Lakini gereji ina waya mwingine, na duka la waya liko karibu. Ndege wametaga tena, dada, yai moja, mahali pale pale.

Sijamwambia Stacy. Nikimwambia, atampeleka babake kwenye nyumba ya wazee, naye atakufa huko kwa ukuta mweupe. Nisipomwambia, namngoja mtu afe majini.

Kaka yako asiyelala,
Elkanah


Karagita
12 Julai 2024

Kaka,

Hata sikuulizi hali. Nenda kwa huyo kijana leo. Acha kuandika, nenda.

Serah wako


Maple Grove
28 Julai 2024

Dada yangu Serah,

Pokea salamu za mtu aliyelala usiku mzima. Goti? Watoto wa Lenny? Nimekununulia bandeji ya kuvuta, Natasha ataituma.

Nilikwenda. Nilipika chapati nikazifunga kwa kitambaa, nikamwambia mzee naenda dukani, nikazunguka ziwa kwa miguu. Brandon mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Serah, ni mtoto! Ana ndevu za kujaribu. Aliniona akarudi nyuma hatua moja.

"Wewe ni yule wa gatini."

"Ni mimi."

"Umekuja kunitukana kwa mikono miwili tena?"

Nikamweleza kwamba siku ile sikumtukana, nilikuwa namkaribisha. Alifikiri nafanya mzaha. Nilimwonyesha: kwetu hivi ni njoo. Alicheka hadi akakaa ngazini, kama Natasha. Kisha nikamweleza habari za mayai, na za mama luni akizunguka. Akaacha kucheka na kuacha kutafuna pia. Akasema hakujua kuna kiota. Akasema babu yake mwenyewe aliwahi kumpeleka kuwatazama hao ndege, kabla hajafa.

Ya waya sikumwambia. Nilimwambia tu akae mbali na magugu.

Tulikubaliana hivi. Akiona mkono wa mzee au wangu, atazima muziki, atapunguza mwendo, atapita taratibu na mbali. Nasi hatutapiga kelele wala kumwita askari. Aliuliza "okay" kwa Kiswahili ni nini. Nikamfundisha: sawa. Akairudia mpaka ikawa tamu mdomoni mwake. "Sawa, sawa!" Kesho yake mzee alisimama gatini, akanyoosha mkono kama kawaida, na muziki ukakatika. Boti ikapita kama maiti ya mfalme. Kutoka kule mbali sauti ikaja: "Sawa!"

Mzee aliniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia. Aliendelea kusimama pale na mkono wake juu, kama mtu aliyesukuma mlango na kumbe haukuwa umefungwa.

Yai limeanguliwa. Kifaranga hupanda mgongo wa mamake wakazunguka ziwani. Mzee anataka kwenda kumwona kwa karibu kwa mtumbwi wake mdogo wa makasia. Stacy amekubali mradi maji yawe yametulia, niwe naye, na avae jaketi la kuokolea maisha. Waya mwingine nimeukuta gerejini amekwisha kuukunja na kuutundika ukutani. Nadhani yamekwisha.

Kaka yako mwenye furaha,
Elkanah


Karagita
4 Agosti 2024

Kaka Elkanah,

Mungu akupe maisha. Sisi hatujambo. Bandeji usijisumbue, lakini ikija nitaivaa hadi kanisani.

Nilifurahi kuliko unavyofikiri. Nilimsomea Lenny barua yako akiwa anaosha boti. Alifurahi, halafu akaacha kuosha. Akasema, "Mama, Mjomba anajua kuogelea?" Nikasema hajui, alikuwa karani wa ghala kwenye shamba la maua, maji aliyoyajua ni ya mpira wa kumwagilia. Akasema, "Sasa akizidiwa kule katikati atawaita kwa mkono gani? Ule wa kuita si amewafundisha wakiuona wapite?"

Kaka, tangu hapo sina raha. Mimi nikikuita kwa mkono unajua nimesema nini kabla sijafumbua mdomo. Huko umetwaa mkono wetu na kuwapa maana yao, na hata umeufanyia agano. Tafuta alama nyingine. Filimbi, kitambaa chekundu, chochote. Mwambie huyo mtoto. Usipande huo mtumbwi kabla hujamwambia.

Dada yako,
Serah


Maple Grove
11 Agosti 2024

Dada,

Natumaini hamjambo. Sisi hatujambo, joto tu.

Lenny ana akili kuliko mimi na wewe. Nimenunua filimbi ya rangi ya machungwa, kali hata mbwa wa jirani hulia. Nimeifunga kwenye jaketi la mzee, kwa sababu yeye ndiye dhaifu. Alinicheka: "Sasa mimi ndiye nitakayepiga kelele ziwani?" Nimejifunza pia kuita kwao, kiganja juu. Najizoesha mbele ya kioo. Natasha anasema naonekana kama mwenye hoteli ya kifahari.

Brandon ameenda safari na wazazi wake, atarudi wikendi. Nitamweleza nikimwona. Usiwe na wasiwasi.

Kaka yako,
Elkanah


Karagita
1 Septemba 2024

Kaka yangu,

Habari za siku? Hapa mvua imepiga mapema, ziwa limepanda hadi kwenye meza yangu ya samaki. Uko mzima?

Barua zako huwa hazichelewi hivi. Nilipiga simu yako, ikaita, ikaita. Labda ni kazi. Niambie tu kifaranga amekua kiasi gani, hata kwa mstari mmoja.

Dada yako,
Serah


Karagita
15 Septemba 2024

Kaka,

Natasha amepokea simu. Amesema uko hai na unakula kidogo. Nilipouliza habari za mzee akalia, nikasikia mlango ukifungwa.

Sitaki kusimuliwa na mtoto. Niandikie wewe, kwa mkono wako, hata kama ni baya.

Niko hapa,
Serah


Maple Grove
6 Oktoba 2024

Dada yangu Serah,

Nakusalimu. Goti lako nimelifikiria, na ziwa lililopanda pia. Nisamehe kwa kunyamaza. Wewe unajua nina tabia ya kuandika siku yangu kila jioni kwenye daftari. Tangu tarehe kumi na nane Agosti niliandika tarehe tu na kufunga.

Ilikuwa Jumapili, maji yametulia kama uji uliopoa. Mzee aliamka akiimba. Nilimvalisha jaketi mwenyewe, nikafunga vifungo vyote vitatu, nikampandisha. Nilipiga makasia hadi katikati, ambako luni huvua asubuhi. Tulimkuta mama, na kifaranga kando yake, sasa anapiga mbizi mwenyewe. Mzee alilia, kisha akasema joto linamkaba, akafungua jaketi. Nilisema, "Funga, mzee." Akasema, "Dakika moja, Elkanah. Acha niwe mtu kwa dakika moja."

Kifaranga aliibukia upande wa pili. Mzee aligeuka kumtazama, akasahau mguu wake, akasimama.

Hakupiga kelele alipoanguka. Nilimkamata mkono ule wa kushoto, usiotii. Jaketi lilimtoka mabegani likaelea, na filimbi juu yake, karibu sana, mahali ambapo kasia lingefika kama ningekuwa na mkono wa kushika kasia. Lakini mkono mmoja ulikuwa umemshika mzee, na wa pili umeshika ukingo wa mtumbwi. Uzito wote wa mzee ukaning'inia kwenye mkono mmoja, nikajiegemeza upande wa pili tusipinduke wote.

Kisha nikasikia boti. Alikuwa Brandon, amerudi kutoka safarini usiku uliotangulia. Bado sikuwa nimemweleza.

Dada, nilikuwa nimesoma barua yako. Niliielewa, nikaitii, nikajizoesha mbele ya kioo. Lakini mkono haukuwa umesoma barua. Uliinuka wenyewe, kiganja chini, ukaanza kuchota hewa kama ulivyofundishwa na mama. Na sauti nayo ilitoka ya nyumbani. Nilisema, "Njooni! Njooni!" Kizungu chote nilichonacho kilikuwa kimekimbia.

Muziki ukakatika. Boti ikapunguza mwendo. Ikaenda mbali kidogo, ili isitusumbue. Mtumbwi wetu ulikuwa umeelekea kwao upande wangu, mzee alikuwa upande wa pili, hawakumwona. Waliona mtu amekaa anawanyooshea mkono. Walipita taratibu, kwa heshima kubwa kuliko siku zote. Brandon aliinua dole gumba. Nilimsikia vizuri kabisa:

"Sawa! Sawa!"

Wimbi lao likaja. Lilikuwa wimbi dogo, la adabu. Likainua mtumbwi na kuushusha, na lilipoushusha mkono wangu ulikuwa mtupu.

Jirani mwingine alinikuta baadaye. Wazamiaji walimpata mzee mchana.

Askari wa majini aliniuliza maswali pale gatini, bila ukali. Akaniambia, "Nionyeshe ulivyowaita." Nikamwonyesha. Brandon alikuwa ameketi kwenye nyasi, amejifunika taulo. Alinitazama nikichota hewa. Nilimwona akikumbuka siku ya chapati. Alisema, "Nilipunguza. Nilipunguza kama tulivyokubaliana," akairudia hadi mamake akaja kumwondoa.

Stacy alifika jioni. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuita msaada?"

Nikasema, "Niliita."

Askari wameandika kwamba ni ajali. Stacy ameniomba nibaki hadi vitu vya nyumba vifungwe, kwa sababu najua kila kitu kiko wapi. Waya bado umetundikwa gerejini. Siwezi kuugusa.

Ndege wakubwa wameondoka kwenda kusini, kifaranga amebaki peke yake hadi mbawa zake zikomae. Ziwa limekuwa kimya. Ndicho alichokitaka mzee, nacho kinanitisha kuliko muziki wote ule. Brandon ameng'oa spika. Wenzake hawaji tena. Hutoka peke yake kila siku, wengine wakiwa wameshatoa boti zao majini kwa ajili ya baridi. Na sasa, dada, mtu yeyote akinyoosha mkono ziwani, yeye huja. Wiki jana bibi mmoja upande wa magharibi alimwonyesha apunguze mwendo, naye akageuza boti akamjia kwa kasi yote, hadi bibi akaanguka gatini kwa hofu, naye akaruka majini na viatu vyake akilia, "Nani? Yuko wapi? Yuko wapi?" Majirani wanasema amerukwa na akili, wanasema siku moja ataua mtu. Mimi najua hajarukwa na akili. Amejifunza lugha yetu, amechelewa kidogo tu.

Nimesimama gatini leo asubuhi nikikunja kamba za mtumbwi. Alikuja, akazima injini mbali, akaelea. Hakunisalimia. Hakuutazama uso wangu. Alikuwa anatazama mikono yangu, na mkono wake mwenyewe uko tayari kwenye usukani.

Inzi alikuwa shavuni mwangu. Nikamwacha. Nikatia mikono mifukoni, nikasimama hivyo mpaka akaondoka.

Ni mimi kaka yako,
Elkanah